Kitochi Kikigoma Kuandika Kwenye Brauza: Anzia Kwenye Meseji

Chukua kitochi, yaani simu ndogo ya batani, uandike neno Nachingwea. Bonyeza 6 mara mbili, inatokea N. Bonyeza 2, inatokea a. Sasa unataka c, kwa hiyo unabonyeza 2 mara tatu, na pale pale a inayeyuka. Kwenye kioo imebaki N2. Simu haijaharibika. Imehesabu mibonyezo minne mfululizo kwenye batani moja, ikapita a, b, c na kufika kwenye tarakimu yenyewe. Mbele kidogo ni yale yale, kwa sababu h na i nazo zinakaa pamoja kwenye 4.

Matatizo mengi ya kuandika kwa batani kwenye intaneti hutupiwa brauza, nayo mara nyingi haihusiki. Kuna sehemu tatu za kuchunguza: batani zenyewe, namna simu inavyogeuza mibonyezo kuwa herufi, na ukurasa uliofunguliwa. Kila sehemu ina dawa yake. Ukianza kwa kufuta brauza na kuipakua upya, umemaliza bando na tatizo liko palepale.

Kipimo cha kwanza

Fungua meseji mpya, usiweke namba ya mtu, kisha andika: Mnazi Mmoja 2468. Tumechagua jina hilo la pale njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi kwa sababu ni gumu kwa kitochi. M na n zinafuatana kwenye 6, na kwenye Mmoja zinafuatana herufi tatu za batani hiyo hiyo: M, m, o. Baada ya kila moja subiri kama sekunde moja mpaka kishale kisogee. Simu nyingine hukubali ubonyeze mshale wa kulia badala ya kusubiri.

Jina likitoka sawasawa kwenye meseji, nenda kwenye brauza uliandike kwenye sehemu ya juu ya anwani. Likitoka sawa hapo pia lakini likagoma ndani ya fomu, shida ni ukurasa. Ruka mpaka sehemu inayohusu fomu. Likigoma kwenye anwani tu, shida ni brauza. Na likigoma tangu kwenye meseji, achana kabisa na intaneti kwanza.

Batani zinaporuka au kufa

Ukiwa bado kwenye meseji, shikilia reli (#) mpaka ionekane 123 kwenye kona ya juu ya kioo. Bonyeza 1 mara kumi, polepole, kisha hesabu. Rudia kwa kila batani yenye tarakimu. Ukipata tarakimu 10, batani ni nzima. Ukipata 12 au 13, batani inaruka: mbonyezo mmoja unasomwa kama miwili. Ukipata 7 au 8, haishiki vizuri. Nyota na reli huwezi kuzihesabu hivi kwa kuwa kwenye meseji zina kazi nyingine, kwa hiyo zijaribu pale unapopigia namba ya simu.

Batani inayoruka ndiyo inayochanganya watu zaidi. Kwenye tarakimu utaliona kosa upesi, 2 imekuwa 22. Kwenye herufi, a inageuka b bila kelele, na kwenye neno la siri huoni chochote isipokuwa nyota. Mwenye simu anaapa kwamba neno la siri ni sahihi, na kweli ni sahihi. Kilichoandikwa ndicho si sahihi.

Chini ya raba, kila batani ina kibati cha duara kilichobinuka kama kofia. Ukibonyeza, kinabonyea na kuunganisha njia mbili kwenye bodi. Kikichafuka, kinagusa na kuachia na kugusa tena ndani ya nukta ya sekunde, na simu inahesabu mara mbili. Huku kwetu Lindi na Mtwara kinachochafua kinajulikana. Hewa ya bahari Mikindani au Kilwa Masoko ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ndipo shaba inaota kutu ya kijani. Maji ya mabibo yana sukari, yakikauka chini ya raba yananata kama gundi. Salfa ya mikorosho ni mbaya kuliko inavyodhaniwa: vumbi lake hula shaba na fedha, na mtu anayepuliza shambani kutwa nzima huku simu iko mfuko wa shati anaipeleka moja kwa moja kwenye vibati. Siku ya kupuliza, acha simu nyumbani au iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Kusafisha si kazi kubwa, ila inataka subira:

1. Zima simu. Toa betri, laini na memori kadi.
2. Fungua skrubu za nyuma, kwa kawaida nne hadi sita. Nyingine hujificha chini ya stika. Achanisha ganda kwa kadi ngumu ya plastiki, si kwa kisu.
3. Toa raba ya batani. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuze, iache ikauke kabisa.
4. Vibati vimebandikwa kwa karatasi ya plastiki yenye gundi. Kama uchafu uko juu tu, futa bila kuibandua. Kama kutu imeingia chini, inua upande mmoja taratibu hadi uzifikie batani zenye shida.
5. Chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa vibati na njia za bodi mpaka pamba itoke safi.
6. Iache nusu saa kivulini penye upepo. Usiisogeze karibu na jiko.
7. Funga, washa, rudia kuhesabu mibonyezo kumi.

Petroli na thina huyeyusha plastiki. Jeli ya kusafishia mikono huacha utando. Msasa ndio unaoua simu kabisa, kwa sababu unakwangua tabaka jembamba la dhahabu lililokuwa linazuia kutu. Batani itafanya kazi wiki mbili, halafu itakufa moja kwa moja. Simu iliyodumbukia baharini nayo haiponi kwa kuanikwa juani. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ikiendelea kula. Lazima ifunguliwe.

Ukiona batani kadhaa za mstari mmoja zimekufa kwa pamoja, mathalani 1, 4 na 7, usihangaike na vibati. Batani zimeunganishwa kwa mistari ya wima na ya mlalo, na mstari mmoja ukikatika unaondoka na batani zake zote. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye hewa ya moto na waya mwembamba.

Jambo moja husahaulika baada ya kutoa betri: saa na tarehe. Vitochi vingi vinarudi miaka mingi nyuma. Brauza ikiona tarehe ya zamani inadhani vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika, inakataa kufungua kurasa salama, na wewe unadhani umeharibu kitu ulipofungua simu. Rekebisha tarehe kwanza.

Hali ya kuandika

Batani ni nzima lakini maneno yanatoka ya ajabu? Angalia kona ya juu ya kioo. Abc maana yake herufi ya kwanza itakuwa kubwa. Nyingine ni abc, ABC na 123. Reli ndiyo inayozungusha hali hizi kwenye vitochi vingi, nyota hufungua orodha ya alama, sifuri ni nafasi, na 1 imebeba nukta, mkato, alama ya kuuliza na mara nyingi @.

Halafu kuna ubashiri wa maneno, ambao wengi huuita T9. Unabonyeza kila batani mara moja tu, simu inakisia neno. Kwa Kiswahili uzime, na sababu ni hii: w, y na z zote ziko kwenye 9. Kwa hiyo wa, ya na za ni 92 vilevile. Ja, ka na la zote ni 52. Lugha yetu imesimama juu ya viungo hivyo vidogo, na simu haina namna ya kuvitofautisha isipokuwa kwa kukisia. Kamusi iliyomo ikiwa ya Kiingereza, hali ni mbaya zaidi. Ingia kwenye chaguzi wakati unaandika, tafuta kamusi au ubashiri, zima.

Ukibaki na mibonyezo ya kawaida, jifunze pa kusubiri. Mama ni rahisi, 6-2-6-2, huna haja ya kusimama popote. Baba ndiye msumbufu: herufi zote nne ziko kwenye 2, unasimama mara tatu. Ghala ina g na h kwenye 4. Mno ni 6 tupu mwanzo mpaka mwisho.

Ubashiri una kosa jingine la kimyakimya. Kwenye simu nyingi unakubali neno kwa kubonyeza 0, na hapo simu inaongeza nafasi baada ya neno. Kwenye meseji haina madhara. Kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji au barua pepe, ile nafasi isiyoonekana inatosha ukurasa kusema hakuna mtu kama huyo. Peleka kishale mwisho kabisa. Kikiwa kimeachana na herufi ya mwisho, futa mara moja.

Na neno la siri: kabla ya herufi ya kwanza, bonyeza reli mpaka uone abc. Maneno ya siri yanayokataliwa kwenye vitochi mara nyingi yana herufi kubwa mwanzoni iliyowekwa na simu, si na mwenyewe. Andika polepole; vitochi vingi huonyesha herufi ya mwisho kidogo kabla ya kuifanya nyota. Tarakimu ikihitajika katikati ya herufi, shikilia batani yake badala ya kuhamia 123 na kurudi.

Brauza zenyewe

Kwenye vitochi vya Java vyenye Opera Mini, ukibonyeza kisanduku cha fomu unafunguliwa ukurasa mzima wa kuandikia. Huo si wa tovuti, ni wa simu yenyewe, na unafuata aina ya kisanduku. Tovuti ikisema kisanduku ni cha namba, simu inafunga herufi zote na reli haitabadili kitu. Watu huhangaika hapo wakitafuta mkwaju au dashi. Haipo, andika tarakimu tupu.

Ukimaliza lazima ubonyeze Sawa ndipo maneno yaingie kwenye fomu. Ukibonyeza batani ya kukata simu ili utoke, umepoteza yote.

Tena, Opera Mini haichakati ukurasa ndani ya simu. Ukurasa unasomwa na kubanwa kwenye seva za kampuni, simu inaletewa kilichobanwa. Ndiyo maana inakula bando kidogo, na ndiyo maana orodha za mapendekezo zinazotokea kila unapoandika herufi hazitokei: tovuti inasubiri kusikia kila mbonyezo, na mibonyezo yako haiifikii. Usizisubiri. Andika neno zima, bonyeza kitufe cha kutafuta. Ukichagua mkoa wa Lindi na fomu ikatakiwa kuleta Kilwa, Liwale, Nachingwea, Ruangwa na nyinginezo, simu inakwenda kwenye seva na kurudi. Acha ukurasa utulie kabla ya kugusa orodha ya wilaya. Ukikimbilia, utakuta orodha tupu.

Vitochi vya KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS, vina brauza yenye kishale kinachotembezwa kwa mishale. Hapa makosa ni ya aina nyingine. Kwanza, kishale kikiwa pembeni ya kisanduku, mibonyezo yako haiandiki kitu. Ongeza ukubwa wa ukurasa kwenye menyu, weka kishale katikati ya kisanduku, bonyeza batani ya kati, na usianze mpaka uone hali ya kuandika imetokea kwenye kioo. Pili, batani ya kufuta ndiyo hiyo hiyo ya kurudi nyuma. Kisanduku kikiwa na maneno, inafuta. Kikiwa kitupu, inakurudisha ukurasa uliopita na fomu yote imekwenda na maji. Futa kwa mbonyezo mmojammoja huku unatazama, na ibaki herufi moja. Andika jipya nyuma yake, kisha rudi na mshale uifute ile ya mwanzo. Inaonekana ushamba, lakini inaokoa fomu.

Ndani ya fomu

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho imeandikwa na dashi tatu: nane, tano, tano, mbili. Ukiandika na dashi unapata alama 23. Kisanduku kilichowekewa kikomo cha 20 kinaacha kupokea baada ya kundi la tatu, kwa hiyo zile tarakimu mbili za mwisho hazimo, na ukurasa unasema namba si sahihi. Andika bila dashi, kisha hesabu kwa makundi hayo hayo.

Kontrol namba ina tarakimu 12. Isome kwa sauti nne-nne, mwingine aangalie kioo. Batani inayoruka itajifichua hapo.

Namba ya simu: jaribu 0 mwanzoni kwanza. Ukurasa ukikataa, andika 255 bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Ukiambiwa lazima + iwepo, shikilia 0, au bonyeza nyota mara mbili kwenye simu zinazofanya hivyo.

Tarehe ya kuzaliwa huchosha. Baadhi ya simu hufungua gurudumu la miaka linaloanzia mwaka huu, na mzee wa mwaka 1958 anabonyeza mshale mpaka kidole kinauma. Shikilia mshale badala ya kubonyeza, anza na mwaka, siku iwe ya mwisho.

Kuandika kwa batani ni polepole, na fomu nyingine hukutoa ukikaa muda mrefu. Kwa hiyo kusanya kila kitu kwenye karatasi kwanza: namba, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kata, chama cha msingi. Maelezo marefu yaandike kwenye rasimu ya meseji kama simu yako inaweza kunakili na kubandika. Kwenye baadhi ya Nokia za zamani unashikilia reli huku unasogeza mshale ili kuchagua maneno. Neno la siri na namba ya siri usiziweke kwenye rasimu kamwe, wala usimwachie kijana wa steshenari akuandikie.

Kwa wanaotengeneza kurasa

Ukitengeneza fomu ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) au ya shule na wateja wako wana vitochi, mambo machache yanabadili kila kitu.

Namba ya simu, NIDA na kontrol namba ziwekee type="tel", si type="number". Kisanduku cha number ni cha kiasi, kama kilo za korosho. Namba ya simu ikichukuliwa kuwa kiasi, mahali fulani njiani sifuri ya mbele itadondoka. Usitegemee inputmode (sifa inayoiambia simu ifungue batani za aina gani) peke yake: KaiOS 2.5 imejengwa juu ya Gecko 48, injini ya Firefox ya zamani, na Firefox ilikuja kuikubali inputmode kwenye matoleo ya baadaye sana.

Barua pepe na jina la mtumiaji viwekee autocapitalize="off", na upande wa seva kata nafasi za mwanzo na mwisho. Usikate nafasi kwenye neno la siri. Kikomo cha NIDA kiwe 23 au zaidi, dashi ziondolewe na seva. Usimwachie mtu kazi ambayo mstari mmoja wa msimbo unaimaliza.

Usikilize tukio la input na change, usitegemee keydown. Kwenye mibonyezo mingi, herufi inabadilika mara kadhaa kabla ya kutulia: anayetaka s amebonyeza 7 mara nne, na msimbo unaosafisha kisanduku kila mbonyezo unamkatiza akiwa kwenye p. Ukiona mtumiaji analalamika kwamba kila herufi inarudi ya kwanza kwenye batani, tafuta msimbo wa aina hiyo. Unaopachika dashi wenyewe wakati mtu anaandika ndio mkosaji wa mara kwa mara, kwa kuwa ukigusa maneno yaliyomo kisandukuni kishale kinaruka mwisho na mbonyezo unakatika. Panga dashi mtu akishatoka kwenye kisanduku.

Orodha za mkoa na wilaya zitumwe kwa ukurasa wa pili badala ya kutegemea JavaScript. Fomu ikikataa, irudishe na kila kilichoandikwa kikiwemo, isipokuwa neno la siri. Halafu chukua kitochi, kaa mahali penye mtandao wa kusuasua, na ujaze fomu yako yote kwa kidole gumba, jina la wilaya likiwa Nachingwea.